Marehemu Yustina Paulo Mloka na Jibu Alilokuwa Akilisubiri

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, wazee wa ukoo, wakwe zetu mliosafiri kutoka Muleba, majirani wa Bigwa na walimu wenzake Yustina: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Mimi ni Ignas Paulo, kaka yake Yustina, kifungua mimba wa mama yetu. Kamati imenipa dakika kumi, na kamati yenyewe inayatazama mawingu kule mlimani kuliko inavyonitazama mimi. Wenye magari mnajua barabara yetu ikilowa inakuwaje. Nitajitahidi kuharakisha.

Wasifu mlio nao kwenye ratiba ulipelekwa kuchapwa mjini jana mchana, kabla kikao cha wazee hakijaisha, ndiyo maana mwisho wake umekatika. Jana upande wa Muleba walisema watoto wa Yustina ni wa baba yao, kwa hiyo waende wakalelewe kwa bibi yao, mama mzazi wa Deogratias, mume wa marehemu. Upande wetu wakasema kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, ni wa lukolo lake, kwa hiyo wabaki hapa Matombo. Mzee Rwegasira, baba mdogo wa Deogratias, alitamka neno hili: "Kaburi tumewaachia ninyi. Basi nasi tuachiwe watoto." Kikao kikavutana mpaka chai ikapoa, na mwisho wazee wakakubaliana jambo moja tu, kwamba mjomba wa watoto aamue, na alitamke hapa kaburini ili asitokee wa kusema hakusikia. Mjomba ni mimi. Tangu jana sijatulia, na hata sasa miguu yangu haitaki kusimama mahali pamoja. Mnivumilie.

Marehemu Yustina Paulo Mloka alizaliwa hapa Matombo tarehe 14 Mei 1993, akiwa mtoto wa tatu na kitinda mimba wa marehemu Mzee Paulo Mloka na mama yetu Yuliana, ambaye mnamwona pale katikati ya akina mama. Alibatizwa mwezi uliofuata katika kanisa letu la misheni. Mama husema huyu mtoto hakutambaa. Alisimama, akaanguka, akasimama tena, akaondoka. Siku moja alitafutwa nyumba nzima, akakutwa kwenye njia ya mtoni anaburuta jani la mgomba refu kuliko yeye, na alipoulizwa anakwenda wapi alikasirika, kana kwamba aliyemuuliza ndiye aliyepotea.

Elimu ya msingi aliipata hapa hapa Matombo kuanzia mwaka 2001 hadi 2007. Mwalimu wake wa darasa la tatu alichoka kumwambia kaa chini, akaona bora ampe kazi ya kugonga kengele, maana kusimama alikuwa anasimama tu. Yustina akaipenda kazi kupita kiasi. Wiki ya pili aliwatoa watu mapumziko kabla ya wakati, shule nzima ikamwagika uwanjani, na uji ulikuwa haujachemka. Alichapwa, ila kengele hakunyang'anywa. Sekondari alisoma Mkuyuni, akamaliza kidato cha nne mwaka 2011, kisha akasomea ualimu wa awali Morogoro mjini na kupata cheti chake mwaka 2014.

Mwaka 2015 aliajiriwa katika shule ya awali pale Bigwa, na hapo ndipo alipofundisha mpaka ugonjwa ulipomtoa. Walimu wenzake wameniambia darasa lake halikuwa na kiti kilichokaa mahali pake. Asubuhi kulikuwa na mistari, saa nne kulikuwa na duara, na kabla ya kwenda nyumbani kila mtoto alikuwa amebeba kiti chake kichwani anaimba. Wazazi waliokuja kulalamika walirudi wenyewe kumshukuru, kwa sababu mtoto aliyekuwa analia kwenda shule sasa alikuwa analia kurudi nyumbani.

Katika shule hiyo ndimo alimokutana na Deogratias Rwezaula, fundi umeme wa kiwanda cha nguo, aliyeitwa siku moja kurekebisha taa za ofisi. Taa zile ziliharibika mara nyingi mwaka ule, na sitaki kumsingizia mtu. Mwaka 2016 Deogratias alituma washenga, na hapa naomba wakwe zetu mnisamehe, kwa sababu hadithi hii hatuwezi kuiacha.

Washenga walifika asubuhi wakiongozwa na huyu huyu Mzee Rwegasira, wamevaa suti, vumbi la Mkuyuni lote liko mabegani. Wakaketi na baba yetu Mzee Paulo. Wakala, wakanywa, wakamsifu, wakatoa maneno yao kwa ufasaha mkubwa. Baba akawasikiliza kwa adabu kutwa nzima. Jua lilipoanza kushuka ndipo akawaambia, "Wageni wangu, maneno yenu ni mazuri sana. Lakini mimi ni baba tu. Mwenye mtoto ni mjomba wake, na mjomba wake yuko Kinole."

Mzee Rwegasira akauliza, "Baba tu?"

"Baba tu. Nalea, nalisha, halafu naambiwa."

"Sasa mzee, mbona hukutuambia asubuhi?"

"Ningewaambia asubuhi mngeondoka kabla ya kula."

Basi wakafunga safari upya mpaka kwa mjomba wetu Benedikto, Mungu amrehemu, naye akawapa jibu zuri. Ndoa ilifungwa tarehe 7 Januari 2017. Kisa hicho tumekicheka miaka yote, Deogratias mwenyewe akiwa wa kwanza kucheka. Jana kwenye kikao nilikikumbuka tena na sikuweza kucheka. Wazee walikuwa wanajadili watoto wa Deogratias, na Deogratias mwenyewe alikuwa ametumwa akaongeze viti.

Ndoa yao ilijaliwa watoto watatu. Irene alizaliwa tarehe 3 Septemba 2018, Faraja, ambaye ni wa kiume, tarehe 20 Agosti 2020, na Benedikto tarehe 11 Novemba 2023, akapewa jina la yule mjomba wa Kinole.

Baada ya Benedikto kuzaliwa, marehemu alianza kuishiwa pumzi. Mwanzoni alisema ni uchovu wa kunyonyesha. Mwezi Februari 2024 madaktari wakasema moyo umepanuka. Alitibiwa Morogoro, akapelekwa Dar es Salaam mara kadhaa, na kote huko aliambiwa neno moja: apumzike, asinyanyue kitu kizito. Kumwambia Yustina apumzike ni kumwambia mto ukae. Alikubali kwa mdomo. Mwili ulikaa chini kwa sababu haukuwa na nguvu ya kubisha, lakini macho na sauti viliendelea kukimbia.

Desemba iliyopita, shule zilipofungwa, nilishuka Bigwa na mkungu wa ndizi na fenesi. Nilikuwa nimekusudia kurudi na watoto. Niliona ndiyo busara: mgonjwa apumue, mama yetu awalee, na kwa mila yetu sikuhitaji kumwomba mtu ruhusa. Nilidhani nitalala siku mbili. Nikakaa mpaka katikati ya Januari, na shamba langu likaota majani, kwa sababu kila nilipotaka kulisema neno langu kulikuwa na mtu anakimbia.

Joto la Morogoro la wakati ule mnalijua. Nyumba ya bati hairuhusu mtu kukaa ndani mchana, kwa hiyo familia ile iliishi nje, juu ya mkeka, na mkeka ulifuata kivuli. Asubuhi ulitandikwa upande wa jikoni. Jua likizunguka, Yustina anapiga kelele, "Haya, tunahama!" Irene anabeba mito, Faraja anabeba kikombe kimoja kwa mbwembwe kama kabeba gunia, mimi nabeba mtoto, na mama yao anasogea polepole ameshika ukuta, huku anatoa amri. Mchana tuko nyuma ya choo, alasiri tuko kwenye mpapai. Mimi mtu mzima mwenye mashamba nilihamishwa kama kuku wa kuatamia. Siku moja Faraja aliniuliza, "Mjomba, jua la kwenu Matombo nalo linachoma?" Nikamwambia linachoma kidogo. Akafikiri, akasema, "Basi tulilete hilo huku, hili tulipeleke kwenu."

Deogratias akitoka zamu ya usiku alikuwa anajaza maji kwenye beseni kubwa kabla ya kulala, watoto wachezee. Siku moja kelele zikapungua, na wenye watoto mnajua kelele zikipungua maana yake nini. Tukamkuta Faraja anamsugua kuku kwa sabuni ya kufulia. Jirani yao Shadia akachungulia ukutani.

"We Faraja, huyo kuku wa nani?"

"Wako, anti Shadia. Alikuwa ananuka."

Yustina alicheka mpaka pumzi ikamkatika, tukaogopa, na yeye anatupungia mkono kwamba tumwache amalize kucheka. Shadia yuko hapa leo. Kuku naye yu mzima.

Asubuhi ya Krismasi Irene alitakiwa kusukwa kwenda misa. Mikono ya mama yake ilikuwa imevimba, haishiki kichana. Nikadhani mtoto atafungwa kitambaa tu. Deogratias akaketi kwenye kigoda, akamweka Irene katikati ya magoti, akaanza kusuka, mwanaume wa Kihaya na vidole vyake vya nyaya za umeme. Yustina anaelekeza kutoka kwenye mkeka.

"Chukua kidogo. Kidogo, baba Irene! Hicho ni kichwa, siyo nguzo ya umeme."

"Nimechukua kidogo."

"Umechukua nusu ya mtoto."

Irene machozi yanamlenga, akasema, "Baba unaniumiza. Lakini endelea."

Mistari ilitoka imepinda kama barabara ya Kinole. Mtoto akaenda kanisani anatembea shingo imenyooka, anataka kila mtu amwone. Wakati wa kupeana amani Deogratias alikuwa bado anavitazama vidole vyake. Nami tangu siku ile nilianza kukosa raha na safari yangu, ila sikumwambia mtu.

Mwezi Januari, shule zikiwa zimekaribia kufunguliwa, niliamua liwalo na liwe. Ilikuwa alasiri, tuko kwenye mpapai, Deogratias amelala ndani, zamu ilikuwa imemchosha. Nikasema, "Yustina, Jumatatu naondoka na watoto. Irene ataanza la kwanza kule nyumbani, mama yupo."

Hakushtuka. Alikuwa anamenya embe la Faraja, akaendelea kumenya. Akasema, "Kaka, wewe ndiye mjomba. Haki unayo, wala sibishani nayo. Nakuomba usiitumie."

Nikamwambia, "Unaumwa. Na mwenzio ana zamu."

Akasema, "Najua Matombo watashiba. Najua hata Muleba watashiba. Lakini siku nikiondoka, mkiwachukua kwa baba yao, watakuwa wamefiwa na wawili kwa siku moja. Kaka, nijibu. Usininyamazie."

Nilifungua mdomo. Ndugu zangu, sijui ningesema nini, kwa sababu hapo hapo Benedikto, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, aliinama kwenye beseni akazama kichwa. Irene akapiga yowe. Mimi nilikuwa karibu kuliko wote, na kabla sijanyanyuka Deogratias alikuwa ameshatoka ndani bila viatu, bila shati, amemshika mtoto miguu, anampigapiga mgongo. Mchana kutwa alikuwa amelala katikati ya kelele zote zile, redio ya Shadia, fundi bati wa nyumba ya pili, na hakuna kilichomwamsha. Mtoto akakohoa, akatapika maji, akalia, kisha akataka kurudi kwenye beseni. Yustina alikuwa amepiga magoti, anahema, hawezi kusema. Tulipotulia tu mvua ikashuka, tukabeba mkeka mbiombio. Alipopita karibu yangu mlangoni akaninong'oneza, "Hujanijibu." Nikasema tutaongea. Nilirudi Matombo peke yangu kuokoa shamba, nikijua nitashuka tena mwezi wa pili.

Hali yake ilibadilika ghafla Alhamisi tarehe 6 Februari. Alilazwa hospitalini Morogoro, na Jumamosi tarehe 8 Februari 2025, asubuhi, akiwa na mume wake pembeni, Mungu alimchukua. Watoto walikuwa kwa Shadia. Nilipata simu nikiwa Mkuyuni na mzigo wa ndizi, nikauacha barabarani, na mpaka leo sijui nani aliuchukua.

Sasa wazee wangu, nisikilizeni. Mwinshehe, mtani wetu, nakuona unanionyesha mawingu. Mvua ya Matombo inakujua, itakusubiri.

Mzee Rwegasira, shikamoo tena, baba. Ulisema kaburi mmetuachia, nanyi muachiwe watoto. Nasema kwa heshima yako yote: watoto si chenji. Deogratias alikubali Yustina alale hapa kwa mama zake bila kubishana, na alifanya hivyo kwa kumpenda, hakufanya biashara. Na ninyi wa kwetu msianze kupiga vigelegele. Mnasema mtoto ni wa ukoo wa mama, ni kweli. Damu hiyo hata wakikaa mwezini ni yetu. Shamba la mama yao pale juu ya mto ni lao, na atakayeligusa atanikuta. Lakini ukoo haukumsikia Benedikto akizama. Mimi mwenyewe nilikuwa karibu naye, na sikumfikia.

Nauliza, tangu Jumamosi, katika wazee wote wa pande mbili, nani amemuuliza Deogratias anataka nini? Mimi nilimuuliza leo asubuhi, tukiwa tunapanga viti. Alimaliza kwanza mstari wa viti aliokuwa anaupanga. Kisha akasema, "Kaka, mimi nitafanya mtakavyoniambia. Ila Irene ana shule kesho kutwa, na nywele zimefumuka."

Basi naumalizia wasifu pale ulipokatika.

Marehemu ameacha mama mzazi, Yuliana. Ameacha kaka mmoja, mimi Ignas, na dada mmoja, Felista. Ameacha mume, Deogratias Rwezaula. Ameacha watoto watatu, Irene, Faraja na Benedikto, ambao wanabaki nyumbani kwao Bigwa, wanalelewa na baba yao.

Hilo ni neno la mjomba. Hatutakaa kikao kingine. Mama Yuliana amekubali kushuka Bigwa akae nao mpaka Benedikto apate akili ya kuogopa maji, na kama joto litamshinda Felista atampokea. Zamu za usiku zikifika, Shadia amesema mlango wake upo wazi kama siku zote. Likizo ya Juni watapanda huku Matombo walijue shamba lao. Likizo ya Desemba watakwenda Muleba wamsalimie bibi yao, Mzee Rwegasira, na utawakuta wana adabu, ila kuku wako uwafungie. Atakayeona nimevunja mila aje aniulize mimi. Asiende kumsumbua yule baba akiwa amelala baada ya zamu.

Deogratias, simama wanao wakuone ulipo. Simama tu, ndugu yangu, huna haja ya kusema kitu.

Yustina, uliniambia nisikunyamazie. Jibu langu ni ndiyo. Limechelewa, na limenibidi nilisemee hapa mbele za watu, lakini ni ndiyo. Mungu akupe sasa lile pumziko ambalo kwetu ulilikataa, mdogo wangu. Amina.